Mnyororo, Mkufu na Cheni: Maneno Matatu ya Kitu Kimoja

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno matatu ambayo walimu na wafasiri wengi huyachukua kuwa ni visawe, yaani mnyororo, mkufu na cheni. Mahali pa maneno haya matatu Kiingereza hutumia neno moja tu. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwa mtunga kamusi ya lugha mbili kuyaorodhesha yote pamoja, yakitenganishwa kwa mkato, bila kumwambia msomaji ni lipi la kuchagua na kwa nini. Hapo ndipo taabu inapoanzia.

Tuchukue mfano. Kijana fulani anafanya kazi ya utarishi wa baiskeli katika jiji la New York, akipeleka barua na vifurushi kutoka ofisi moja hadi nyingine. Shingoni amevaa pambo nene la dhahabu, la pete zilizoshikana. Kiunoni amejizungushia kitu kingine cha namna hiyo hiyo, lakini hiki ni cha chuma kigumu, nacho hukitumia kuifungia baiskeli yake kwenye nguzo kila aingiapo katika jengo. Kitu cha tatu kiko chini ya miguu yake, kikilizungusha gurudumu la nyuma. Mwingereza atavitaja vyote vitatu kwa neno lile lile. Je, mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Akiandika mnyororo mara tatu, msomaji atamdhania kijana huyo kuwa ni mfungwa aliyetoroka. Akiandika mkufu mara tatu, atachekwa. Akiandika cheni mara tatu, hatakosa mhariri wa kulipigia neno hilo mstari mwekundu kwa hoja kwamba ni la kigeni na kwamba Kiswahili kina maneno yake.

Rai yetu ni kwamba maneno haya si visawe. Kila moja lina kazi yake, lina vitenzi vinavyoandamana nalo, na lina historia yake katika maisha ya wasemaji. Zaidi ya hayo, tutajaribu kuonyesha kwamba neno la mkopo, cheni, halikuja kuwanyang'anya wenyeji nafasi yao, bali lilikuja kushika nafasi iliyokuwa haina mtu.

2. Mnyororo

Kwa umbo, mnyororo ni nomino ya ngeli ya M-/MI-. Sauti zake zaweza kumvutia mtu alihusishe na kivumishi -ororo, kwa kuwa mnyororo, ijapokuwa ni chuma, hupindika na kulala kama kamba. Hata hivyo mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja, nasi hatutajenga hoja yoyote juu yake. Ushahidi tunaouhitaji umo katika matumizi.

Tukiangalia vitenzi vinavyoandamana na mnyororo, tutaona kwamba karibu vyote vinazunguka dhana ya kufunga na kufungua. Mtu hufungwa mnyororo, hutiwa minyororoni, hufunguliwa minyororo, au huikata minyororo yake. Mbwa mkali hufungwa kwa mnyororo. Lango hukazwa kwa mnyororo na kufuli. Nanga hushushwa kwa mnyororo ili chombo kisichukuliwe na maji. Majirani wa neno hili katika msamiati ni pingu na kongwa. Mwenye kuutengeneza hapo kale alikuwa mhunzi, na malighafi yake ilikuwa chuma.

Maana hii ina mizizi katika historia ya watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, na hali ya utumwa ilifutwa kisheria huko mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Pale Mkunazini, penye kanisa kuu lililojengwa mahali pa soko hilo, ipo sanamu iliyoundwa mwaka 1998 na msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Inaonyesha watu waliosimama shimoni, na shingoni mwao umepita mnyororo wa chuma halisi. Hali kadhalika, wakati wa utawala wa Wajerumani katika Tanganyika, wafungwa walitembezwa na kufanyishwa kazi hadharani wakiwa wameunganishwa shingo kwa shingo. Kwa hiyo, wanasiasa na washairi walipokuja kusema juu ya minyororo ya utumwa na minyororo ya ukoloni, hawakuhitaji kuwaeleza wasikilizaji wao maana yake.

Shingo, basi, ndiyo mahali ambapo mnyororo hutisha zaidi. Jambo hili ni muhimu kwa mjadala wetu, kwa maana ni pale pale shingoni ambapo mkufu hukaa.

3. Mkufu

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 tayari imeutenga mkufu na mnyororo: mkufu ni pambo, na ni chepesi. Nao pia ni wa ngeli ya M-/MI-, lakini ukoo wake katika msamiati ni mwingine kabisa. Majirani zake ni kidani, ushanga, bangili, kikuku, kipini na furungu. Mtengenezaji wake si mhunzi bali ni sonara, na malighafi yake ni fedha au dhahabu. Mtu akisema “mkufu wa chuma” msikilizaji atatua kidogo na kujiuliza kama amesikia sawasawa.

Vitenzi vya mkufu navyo vyatuonyesha njia. Mkufu huvaliwa, huvishwa, huazimwa, huwekwa rehani, hurithiwa. Bibi arusi huvishwa mkufu na wakubwa wake, na mkufu huo waweza kuwa ulivaliwa na nyanya yake. Katika miji ya pwani dhahabu ya mwanamke haikuwa pambo tu, bali pia ilikuwa akiba ambayo yeye mwenyewe aliimiliki na aliyoweza kuigeukia siku ya shida. Ndiyo maana mkufu hubeba hisia za heshima, za nyumba na za urithi.

Njia rahisi ya kuupima umbali uliopo kati ya maneno haya mawili ni kuvibadilisha vitenzi vyake. Tukisema “mfungwa alivishwa mkufu”, tumetoa kejeli. Tukisema “bibi arusi alitiwa mnyororo shingoni”, hatujaeleza pambo lolote; tumeishutumu ndoa yenyewe. Visawe halisi haviwezi kutoa matokeo ya namna hii. Umbo la vitu hivyo viwili ni moja, pete iliyoshika pete, lakini Kiswahili hakikuyapa majina kwa kufuata umbo. Kilifuata kazi ya kitu na hali ya mwenye nacho: mnyororo hufunga, mkufu hupamba.

4. Cheni na baiskeli

Karne ya kumi na tisa ilileta kitu cha tatu ambacho hakikuwa cha kufungia wala cha kupambia. Mwaka 1880 Hans Renold, aliyekuwa na kiwanda mjini Manchester, alisajili hataza ya mnyororo wa mashine wenye vigurudumu vidogo vilivyozunguka juu ya pini zake. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, ambayo gurudumu lake la nyuma lilizungushwa kwa njia hiyo. Kabla ya hapo, katika baiskeli zile ndefu zenye gurudumu kubwa mbele, pedali zilikuwa zimeungwa moja kwa moja na gurudumu hilo la mbele, hivyo aliyetaka mwendo mkubwa hakuwa na budi kupanda gurudumu kubwa zaidi na kujihatarisha kuanguka kutoka juu.

Faida ya chombo hiki kipya yaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Ikiwa gurudumu la meno lililo kwenye pedali lina meno 46, na lile la nyuma lina meno 20, basi kila pedali zizungukapo mara moja, gurudumu la nyuma litazunguka mara 2.3. Baiskeli ikaweza kuwa fupi na salama bila ya kupunguza mwendo. Umbali kati ya pini moja na nyingine ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, na kipimo hicho ndicho kinachotumika katika baiskeli hadi leo. Pini hizo zikilika kwa vumbi na kukosa mafuta, chombo chote huonekana kana kwamba kimerefuka: mahali palipokuwa na inchi 12 kamili huzidi kwa takriban nusu ya thumuni ya inchi, na hapo hakina budi kubadilishwa kabla hakijayala meno.

Hiki ndicho kitu kilichoingia Afrika ya Mashariki pamoja na baiskeli, na jina lake likaingia pamoja nacho. Tukilichunguza jina hilo kifonolojia, twaona kwamba limepita katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Irabu unganifu ya Kiingereza imegeuka kuwa e, na mwishoni pameongezwa irabu i, kama ilivyotokea katika keki, treni na breki. Limeingia katika ngeli ya N- pamoja na vipuri vingi vya namna hiyo. Kwa msingi huu tahajia cheni ina nguvu zaidi kuliko cheini, ambayo huonekana mara kwa mara hapa Kenya. Hatuandiki keiki wala treini.

Muhimu zaidi ni vitenzi ambavyo neno hili limejipatia katika karakana. Fundi husema kwamba cheni imelegea, imetoka, imekatika. Kwamba ikazwe, ipunguzwe pete moja, itiwe mafuta. Hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivi kinachohusu kufungwa kwa mtu wala kupambwa kwake. Cheni hupokea nguvu mahali pamoja na kuifikisha mahali pengine. Waendesha baiskeli wa Busia, ambao kazi yao ya kuwavusha abiria baina ya vituo vya Kenya na Uganda ndiyo iliyotupatia neno bodaboda, walijua kwamba cheni ikikatika njiani mapato ya siku yamekatika pia. Pikipiki ziliporithi jina hilo zilirithi cheni vilevile, kwa kuwa nyingi kati yake huendeshwa kwa cheni.

Tukimrudia sasa yule tarishi wa New York, tutaona jambo jingine. Matarishi wengi wa huko wamependa baiskeli ya gia moja isiyoachia, yaani ile ambayo pedali haziwezi kutulia wakati gurudumu linazunguka. Katika baiskeli hiyo cheni huendesha na pia husaidia kusimamisha, kwa kuwa mpandaji hupunguza mwendo kwa kuzikaidi pedali kwa miguu yake. Asiye na breki ya mkono, cheni yake ikikatika katikati ya magari, hana kitu cha kumsimamisha. Baiskeli hizi zilipoenea mijini kama mtindo wa vijana, cheni zenyewe zilianza kuuzwa kwa rangi za kuvutia, mojawapo ikiwa ni ya dhahabu. Cheni hiyo yameta kama kitu cha sonara, lakini hata hivyo hatuwezi kuiita mkufu, kwa kuwa kazi yake haijabadilika. Na kile anachojizungushia kiunoni, ambacho kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 2 au zaidi na huvishwa mfuko wa kitambaa kisichubue rangi ya baiskeli, hicho ni mnyororo pasi na shaka, ijapokuwa amekivaa. Amekivaa ili kukibeba tu, hakujipamba nacho. Mahali pake hasa ni kwenye nguzo, pamoja na kufuli.

5. Cheni yapanda shingoni

Lau mambo yangekomea hapo, mgawanyo wetu ungekuwa mwepesi: mnyororo wa kufungia, mkufu wa kupambia, cheni ya kuendeshea. Lakini neno cheni halikubakia karakanani. Leo husikika sana likitumiwa kwa pambo la shingoni, na katika Tanzania limekwisha kuwa neno la kawaida hata kwa mapambo membamba ya wanawake, ya shingoni, ya mguuni na ya kiunoni. Hapa ndipo mhariri wetu mwenye kalamu nyekundu anapopata hoja yake kuu: ikiwa mkufu upo, cheni ya dhahabu ni ya nini?

Ili kumjibu yatupasa kuangalia pambo hilo lilivyofika. Katika miaka ya 1970 na 1980 wanamuziki Waamerika Weusi walilifanya pambo nene la dhahabu kuwa alama ya kufanikiwa. Isaac Hayes alipanda jukwaani katika tamasha la Wattstax mjini Los Angeles tarehe 20 Agosti 1972 akiwa amejifunika kifua kwa fulana iliyosukwa kwa pete za dhahabu. Kurtis Blow alipigwa picha kwa jalada la sahani yake ya santuri ya mwaka 1980 akiwa kifua wazi na dhahabu shingoni. Baada yao wakaja Run-DMC na wengineo wa muziki wa kufokafoka, na mapambo yakazidi kuwa manene. Kwa njia ya kaseti, video na televisheni mtindo huo ulifika Nairobi na Dar es Salaam, na vijana wa huku wakaupenda.

Pambo hili lilikuwa na sifa ambazo mkufu haukuwa nazo. Lilikuwa nene, lilivaliwa na mwanamume, halikurithiwa kwa nyanya, na lilivaliwa ili lionekane kutoka mbali. Kuliita mkufu kungemweka kijana huyo karibu mno na bibi arusi. Kuliita mnyororo kungemrudisha sokoni Mkunazini. Palikuwapo, basi, pengo, na neno lililokuwa karibu, ambalo halikuwa na aibu ya mnyororo wala upole wa mkufu, lilikuwa ni cheni. Hata leo, mtu akisema “kijana yule amevaa cheni”, na akisema “amevaa mkufu”, hatusikii jambo lile lile. Katika sentensi ya kwanza mna mikogo na madoido. Katika ya pili mna utulivu.

Kuna tofauti nyingine iliyo ya ndani zaidi. Wengi wamelifasiri vazi la Hayes kuwa ni ugeuzaji wa makusudi: kile kilichowafunga mababu kimegeuzwa kuwa dhahabu ya mjukuu. Ufasiri huu ni mwepesi katika Kiingereza kwa sababu neno ni moja, na utumwa na pambo hukaa katika sauti zile zile. Katika Kiswahili mgawanyo wa mnyororo na mkufu uliwatenganisha wawili hao kwa ukuta. Mfasiri anayeandika mkufu hapo ameupoteza utumwa. Anayeandika mnyororo amelipoteza pambo. Neno cheni halimpi kila kitu, kwa kuwa kumbukumbu ya utumwa haimo ndani yake, lakini angalau lina uzito wa chuma na wa mashine, na akiliweka jirani na minyororo katika aya moja, msomaji ataweza kuuona uhusiano huo mwenyewe. Hiyo ni nafasi ambayo mfasiri wa kabla ya cheni hakuwa nayo.

6. Pingamizi mbili

Yafaa tuzijibu pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba wapo wasemaji wanaosema “mnyororo wa baiskeli”, nao hawakosei. Hatukatai. Mipaka ya maana haiwekwi kwa seng'enge. Lakini tuangalie kwamba mnyororo katika maana hiyo huhitaji kufafanuliwa, “wa baiskeli” au “wa pikipiki”, ilhali fundi akisema “niletee cheni” mwanafunzi wake hataenda kumletea kitu cha kufungia lango.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Lugha ya taaluma na ya utawala leo inasema mnyororo wa chakula, mnyororo wa thamani, mnyororo wa ugavi, na hapo hamna kufungwa kokote. Je, hili halivunji hoja yetu? Tuonavyo sisi, linaithibitisha. Istilahi hizi zilitoholewa kutoka katika lugha zenye neno moja kwa vitu vyote, na mtungaji alichukua jibu la kwanza lililokuwa katika kamusi yake. Kiswahili kilikuwa tayari na msururu na mfululizo kwa mambo yanayofuatana, na silsila kwa ukoo unaoshukiana. Istilahi hizo zimekwisha kuenea na hatupendekezi zing'olewe. Hata hivyo, mkulima anapoelezwa mkutanoni kwamba ameingizwa katika mnyororo wa thamani, tusishangae akiuliza ni nani aliyemfunga. Swali lake si la ujinga. Anaisikiliza lugha yake kwa makini kuliko aliyemwandikia.

7. Hitimisho

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tungependa kutoa mapendekezo matatu. Kwanza, kamusi zetu ziache kuyafafanua maneno haya kwa kuelekezana, mkufu kwa cheni na cheni kwa mnyororo, na badala yake zieleze kazi ya kila kitu na vitenzi vinavyoandamana nacho. Pili, tahajia cheni ikubaliwe kwa kuwa inafuata kanuni ambazo lugha imezitumia kwa mikopo mingine ya aina hiyo. Tatu, mwalimu asimkate mwanafunzi alama kwa sababu tu ameandika cheni ya dhahabu. Ajiulize kwanza kama mwanafunzi huyo alitaka kumwonyesha kijana mwenye madoido au mama mwenye heshima zake. Huenda mwanafunzi amesikia tofauti ambayo mwalimu ameikosa.

Yule tarishi wa New York sasa aweza kuelezwa bila shida: cheni ya dhahabu imo shingoni mwake, mnyororo umo kiunoni, na cheni ya baiskeli inazunguka chini ya miguu yake. Siku yake ya arusi, akivishwa mkufu, tutajua kwamba ni siku nyingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu aliingia kwa mlango wa karakana, na kwa kuja kwake mnyororo na mkufu vimebaki na maana zake bila ya kulazimishwa kubeba mzigo usio wao.